Mgeni Mwenye Jembe Lake

Mwaka 1969, katika wodi ya majeruhi wa moto mjini Birmingham, Uingereza, bakteria aina ya Pseudomonas aeruginosa walianza kuhimili kabenisilini, dawa iliyotegemewa kuwaua. Usugu huo ulibebwa na plazmidi, kiduara cha DNA kinachojinakili nje ya kromosomu na kuhamia bakteria wengine. Ikaitwa RP4; pacha wake, RK2, ilipatikana katika Klebsiella. Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliikuta RK2 miaka mingi baadaye kwenye friza ya maabara, akiwa fundi, na ndiyo iliyomlipia kodi ya nyumba hadi alipostaafu.

Wanafunzi wapya walimjia na lalamiko lilelile. Wamehamisha plazmidi ya ukoo wa ColE1 kutoka Escherichia coli kwenda Pseudomonas, na asubuhi sahani za agari ziko tupu. DNA haikuingia, walidhani. Imeingia, aliwajibu, ila imekosa wa kuinakili.

ColE1 ni mgeni anayengoja siku ya tatu apewe jembe. Haina protini yake ya kuanzisha unakili. Huazima polimerasi I na vimeng'enya vingine vya mwenyeji. Fundi alipenda kulionyesha hilo kwa kloramfenikoli: seli zikizuiwa kutengeneza protini mpya, kromosomu huacha kunakiliwa, lakini ColE1 huendelea kuongezeka kutoka nakala zipatazo 20 hadi zaidi ya 1,000.

RK2 ina tabia nyingine. Inakuja na TrfA, protini inayoshika mifuatano inayojirudia kwenye kianzio cha unakili, na jeni moja huitoa kwa urefu wa aina mbili. Ndani ya E. coli ile fupi inatosha, ikisaidiwa na protini DnaA ya mwenyeji. Ndani ya P. aeruginosa ni ile ndefu inayohitajika, maana yenyewe humvuta DnaB, kimeng'enya cha kufungua nyuzi za DNA. Kwa hila hiyo plazmidi yenye herufi 60,099 inaishi katika karibu bakteria wote wa Gramu hasi.

Lakini kwa umaridadi, fundi huipa kura plazmidi RSF1010. Ndogo kuliko RK2, nayo hubeba kianzishi, kifungua nyuzi na kitengeneza vipande vya kuanzia unakili vyake yenyewe. Imewahi kustawishwa hata ndani ya Mycobacterium smegmatis, jamaa wa kimelea cha kifua kikuu.