Kilo Zikiondoka, Ngozi Hubaki: Barua kutoka Uingereza



Habari za upasuaji wa kupunguza uzito, ule ambao mitaani huitwa kukata utumbo, hufika nyumbani kutoka ughaibuni zikiwa nusu, kwa kuwa kinachosafiri ni picha ya mtu aliyekuwa mnene na sasa amepungua. Barua hii inakusudia kueleza nusu iliyobaki, kwa sababu tiba hiyo haimaliziki siku mgonjwa anapotoka hospitali, wala haimaliziki kilo zinapokwisha kupungua. Kuondoa ngozi iliyolegea baadaye ni sehemu ya matibabu yale yale, na kuiita urembo mtupu ni kumwonea mgonjwa.

Nchini Uingereza upasuaji huu hutolewa bila malipo na Huduma ya Taifa ya Afya, ijulikanayo kwa kifupi kama NHS, kwa wale wanaotimiza vigezo. Kigezo kikuu ni uwiano wa uzito na urefu, unaopatikana kwa kugawanya kilo za mtu kwa kipeo cha pili cha urefu wake katika mita: mwongozo wa kitaifa unataka uwiano wa 40 au zaidi, au kati ya 35 na 40 ikiwa unene umeandamana na maradhi kama vile kisukari cha aina ya pili au shinikizo la damu. Mwongozo huo huo unashusha viwango hivyo kwa 2.5 kwa watu wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati, kwa kuwa maradhi hayo huwapata wakiwa na uzito mdogo zaidi. Hivyo mwanamke wa Kiafrika asiye na maradhi hayo, mwenye urefu wa mita 1.60, anaweza kufikiriwa akiwa na kilo 96, ilhali Mzungu wa hali na kimo hicho husubiriwa afike kilo 102 hivi. Haki hii inafaa ijulikane na kila Mswahili anayeishi huku, kwani anayedhani kwamba hajafikia kiwango huenda asimuulize daktari kabisa.

Aina mbili za upasuaji ndizo zinazofanywa zaidi, na zote kwa kawaida hupitia matundu madogo tumboni. Katika ya kwanza, daktari huondoa takribani robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba. Mgonjwa hushiba upesi, na homoni ya njaa inayotengenezwa na sehemu iliyoondolewa hupungua, lakini kilichokatwa hakirudishwi, na kiungulia kinaweza kuzidi. Katika ya pili, iliyoasisiwa na madaktari Edward Mason na Chikao Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966, daktari hutengeneza kifuko kidogo chenye ujazo wa mililita 30 hivi na kukiunganisha na utumbo mdogo, ili chakula kipite pembeni bila kugusa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula wala mwanzo wa utumbo. Njia hii husaidia sana wenye kisukari, ambao baadhi yao sukari hushuka hata kabla uzito haujapungua sana. Zipo pia njia nyingine zisizohusisha kisu: puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula kupitia kinywani, ambalo hata Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila nchini Tanzania imekuwa ikiliweka, si upasuaji, na kwa kawaida huondolewa baada ya miezi kadhaa. Sindano mpya za semaglutidi na tirzepatidi hupunguza hamu ya kula, ila aghalabu uzito hurudi mtu akiziacha.

Faida ya upasuaji huu ni ya kweli. Utafiti mkubwa ulioanza Sweden mwaka 1987 ulionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa waliopasuliwa kuliko waliotibiwa kwa njia za kawaida. Lakini faida hiyo ina masharti ya maisha yote: vitamini na madini kila siku, hasa chuma, kalsiamu, vitamini D na B12, vipimo vya damu kila mwaka, na milo midogo yenye protini ya kutosha. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na Mwislamu anayetaka kufunga Ramadhani anapaswa kwanza kuzungumza na daktari wake. Aliyechepushiwa njia ya chakula, yaani kwa upasuaji ule wa aina ya pili, hatakiwi kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kumletea vidonda pale mfuko ulipounganishwa na utumbo, na anayerudi nyumbani likizo ajihadhari, maana dawa hizo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa.

Kisha huja suala la ngozi. Ngozi iliyotanuka kwa miaka mingi hupoteza mnyumbuko wake na haiwezi kunywea pamoja na mwili, hivyo hulegea tumboni, mikononi, mapajani na matitini. Katika mikunjo yake jasho hujikusanya, fangasi huota, ngozi huchubuka, na kutembea au kufanya mazoezi huwa taabu. Joto la Pwani huzidisha hali hiyo. Mazoezi hujenga misuli lakini hayaondoi ngozi iliyozidi, na kunyonya mafuta peke yake kunaweza kuiacha imelegea zaidi. Tiba yake ni upasuaji wa kurekebisha umbo: tumboni ngozi hukatwa kutoka nyonga hadi nyonga, misuli iliyoachana ikakazwa na kitovu kikapangwa upya, na kwa wengine mkato huzunguka kiuno kizima, ilhali mikono na mapaja hufanyiwa kwa awamu nyingine. Madaktari husubiri uzito utulie, kwa kawaida mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya upasuaji wa kwanza, na huhakikisha kwamba damu na protini zinatosha, kwa kuwa mwili uliopungukiwa lishe hauponyi vidonda vizuri. Hatari zake ni majimaji kukusanyika chini ya ngozi, mshono kufumuka, damu kuganda miguuni na makovu marefu ya kudumu. Watu weusi hupata zaidi keloidi, yaani makovu yanayovimba na kupita mipaka ya jeraha.

Hapa ndipo mfumo wa Uingereza unapostahili kulaumiwa. NHS hulipia upasuaji wa kwanza, lakini ule wa ngozi huachiwa bodi za afya za maeneo, ambazo mara nyingi huuhesabu kuwa urembo na kuukataa, na mgonjwa hubaki na vidonda katika mikunjo au hulazimika kutafuta maelfu ya pauni. Baadhi hukimbilia Uturuki kwa bei nafuu na kupanda ndege mapema, mshono ukiwa haujapona, na matatizo yakitokea huwarudia madaktari wale wale wa NHS. Huduma iliyokwisha kuyavulia maji nguo haina budi kuyaoga.

Kwa walio nyumbani wanaofikiria njia hii, iwe Nairobi, Dar es Salaam au ng'ambo, bei isiwe swali la kwanza. Kinachotangulia ni kujua nani atapima damu ya mgonjwa mwaka wa tano, vitamini zitapatikana wapi, na ngozi itashughulikiwa na nani. Nao jamaa wanaompokea ndugu aliyepungua wasimshuku maradhi wala kumlazimisha sinia la pilau, kwani kijisahani anachokula ndicho kipimo chake, na kukiheshimu ni kushiriki katika kumtibu.