Njia ya Mombo hata Lushoto, na Motokaa Iliyokataa Kuwaka

Wengi wenu mmepata kusikia habari za milima ya Usambara, walakini si wote walioipanda. Njia yake yaanza Mombo, katika barabara kuu itokayo Tanga kwenda Moshi. Hapo ndipo reli ya Wajerumani ilipofika mwaka 1905. Toka Mombo hata Lushoto ni kama kilometa 33 tu, lakini katika hizo mtu hupanda karibu meta 1,000. Chini ni nchi ya joto na mashamba ya mkonge. Juu ni nchi ya ukungu, yenye mabonde ya kabichi na viazi, na matunda ya baridi. Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iko yapata meta 1,400 juu ya bahari. Na mbele yake iko Mlalo, walikoanza kazi wamisionari wa Bethel mwaka 1891, kabla motokaa haijajulikana huko.

Sisi tulipanda njia hiyo katika motokaa ya zamani, Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa tangu mwaka 1971 hata 1985. Pamoja nasi alikuwako bibi mmoja mjane, mwenyeji wa Mlalo, aliyekuwa akienda kumwona kaka yake. Kaka huyo alikuwa mgonjwa sana, na jamaa walikuwa wamepeleka habari kwamba kila asubuhi amwulizia dada yake.

Jua lilikuwa kali, na injini ilikuwa imefanya kazi nzito katika kona zile za kupanda. Tulipofika Soni, penye maporomoko ya maji, tulisimama ili bibi apumzike, tukazima injini. Baada ya robo saa dereva alijaribu kuiwasha. Ikazunguka, ikazunguka, isiwake.

Hapa yafaa tueleze kidogo. Motokaa za siku hizi hupimiwa petroli na mitambo ya umeme, lakini hizi za zamani zina kabureta. Ni chombo cha chuma chenye bakuli dogo la petroli na koo jembamba. Injini ivutapo pumzi, hewa hupita kooni kwa kasi, ikanyonya petroli na kuifanya kama ukungu. Basi injini ya namna hiyo yataka vitu vitatu: hewa, petroli na cheche ya moto, kila kimoja kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Kimoja kikikosa, haiwaki.

Watu walikusanyika upesi, kila mmoja na shauri lake. Wa kwanza alisema betri imekufa. Wa pili alitaka plagi zote zibadilishwe. Wa tatu, kijana mwenye nguvu, alileta petroli ndani ya chupa, akataka kuimimina katika koo la kabureta, na bibi angali ndani ya gari. Dereva wetu, mzee wa makamo, akamzuia kwa upole: "Mwanangu, injini hii ni ya moto. Petroli ikimwagika hapa, cheche moja yatosha kutuchoma sote. Iweke chupa hiyo mbali, kisha umsaidie bibi kushuka."

Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akafungua boneti, akaanza kuiuliza injini maswali, moja moja, kwa utaratibu.

Swali la kwanza: je, stata yazungusha injini kwa nguvu? Naam, yazungusha. Basi betri si mkosaji. Kama ingezunguka kwa uchovu, angetazama kwanza vichwa vya betri, kama vimelegea au vimeota ukoga mweupe. Tena hakuishika stata kwa muda mrefu. Hesabu ya kumi tu, kisha akaipumzisha, maana betri ikiisha njiani ni taabu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Swali la pili: je, cheche iko? Alifungua plagi moja, akaitazama na kuinusa. Ilikuwa kavu, wala haikunuka petroli. Akaichomeka tena katika waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta, akamwambia mwenzake azungushe stata. Tukaona cheche ya rangi ya samawati. Basi cheche iko. Kama isingekuwako, angefungua kifuniko cha distribyuta na kutazama kama kuna unyevu au ufa ndani yake, na kama pointi zake ni safi na nafasi kati yake ni yapata milimeta 0.4.

Ule ukavu wa plagi ulikuwa ushahidi mkubwa. Plagi ikitoka imelowa petroli, maana yake injini imezama: petroli imezidi hewa. Dawa yake ni kurudisha choki ndani, kukanyaga pedeli ya mafuta hata chini na kuishikilia hapo bila kuipigapiga, kisha kuzungusha stata ili hewa ikaushe. Bali plagi kavu yasema neno lingine: petroli haifiki.

Basi swali la tatu likawa la petroli. Pampu ya gari lile ina bakuli la kioo chini yake, na kiwiko kidogo cha kupampu kwa mkono. Maji yangekuwamo katika petroli, yangeonekana yametuama chini ya kioo, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli. Hayakuwamo. Lakini petroli yenyewe ilikuwa kidogo, nayo yatoa mapovu. Mzee akatabasamu, akasema, "Imechemka."

Sababu ni hii. Injini iendapo, feni huipepea, na petroli mpya ipitayo hupoza mabomba. Izimwapo, upepo hukoma, na joto la chuma hupanda katika pampu na kabureta. Petroli huanza kuchemka kabla ya kufika nusu ya joto lichemshalo maji. Na mlimani, ambako hewa ni nyepesi, huchemka mapema zaidi. Pampu imefanywa kusukuma petroli ya maji. Mvuke haiwezi kuusukuma.

Na dawa? Kitambaa, maji ya mto, na subira. Mzee alilowesha kitambaa, akakizungusha juu ya pampu na bomba lake, akiangalia maji yasifike kwenye distribyuta. Hakuimwagia injini maji, maana chuma chenye moto kikipata baridi ya ghafula huweza kupasuka.

Ilikuwa nusu saa ndefu. Bibi alikaa juu ya jiwe akiitazama barabara, asiseme neno. Magari yaliyopita yalikuwa yamejaa. Kijana yule akamsihi mzee ajaribu mara moja tu. Mzee akamjibu, "Tukiimaliza betri sasa, tutalala hapa. Mpelekee bibi maji ya kunywa."

Ndipo akapampu kwa mkono hata akaona kioo kimejaa pasipo mapovu. Choki hakuivuta, kwa kuwa injini bado ina joto. Ikawaka mara ya pili. Tulifika Mlalo usiku. Kaka yake bibi alikuwa hai, akamtambua kwa sauti, wakashikana mikono. Alifariki siku ya tatu yake.

Enyi walimu na wazazi, utaratibu ule wa Soni si wa magari tu. Mtoto asiyejifunza huitwa mvivu upesi, na fimbo huletwa kama ile chupa ya petroli. Lakini je, asikia vema? Aona ubao? Amekula asubuhi? Aliamka na huzuni gani nyumbani? Uliza moja moja, usikie jibu, kisha uliza la pili. Pengine utaona kwamba hana kosa lo lote, ila amechoka kwa mlima aliokwisha kuupanda kabla ya kufika mlangoni pako. Naye ataka kivuli, maji, na mtu wa kumngojea.