Kilichoonekana Ziada

Sisi vijana watatu tunaotunza kompyuta za ofisi ya ushirika hapa Tabora tunataka kueleza kwa nini vyeti vya ubatizo vilichelewa Jumamosi ile. Umeme haukuhusika, ingawa tuliuacha ulaumiwe.

Programu ya rejista tuliiandika kwa lugha ya OCaml, tukaifunga katika kifurushi cha Debian. Kuna kikaguzi kiitwacho lintian ambacho hupitia kifurushi na kutaja makosa. Kilisema programu yetu ina ziada ambayo haijaondolewa. Programu nyingi hubeba majina na alama za kumsaidia fundi kutafuta hitilafu. Mtumiaji hazihitaji, nazo huondolewa ili faili liwe dogo. Ni kanuni nzuri. Ila yetu ilikuwa ya aina nyingine: mwanzoni mwa faili kuna mtambo wa kuendeshea, na maagizo yenyewe yamebandikwa mkiani. Kifaa cha kuondoa ziada hakiutambui mkia huo. Huukata.

Tukakata. Onyo likatoweka, tukashangilia. Jumamosi programu ikagoma, haikuona cha kuendesha, na akina mama wenye watoto wachanga wakakaa kwenye benchi hadi saa nane mchana.

Babu wa mmoja wetu alicheka tulipomsimulia. Wapagazi wa Kinyamwezi, alisema, waliokuwa wakienda Bagamoyo au Ujiji, walibeba mkeka na chungu chao juu ya mzigo wa tajiri. Anayehesabu pembe za ndovu tu huuona mkeka ni uzito wa bure, mpaka usiku uingie.

Dawa ilikuwa fupi: kuagiza programu ile isiguswe, kisha kuandika ndani ya kifurushi kwamba onyo hili tunalijua na sababu yake ni hii. Lintian hupokea maelezo kama hayo. Tungeweza kuyaandika tangu mwanzo. Tuliona aibu kuonekana na doa.

Hapo tukamkumbuka mzee mmoja. Mwaka jana tulimwomba aache sala yake ndefu ya Kinyamwezi kabla ya ibada, kwa kuwa haikuwamo kwenye ratiba. Aliacha. Wajane waliokuwa wakiwahi kwa ajili ya sala ile hawawahi tena, na wawili hawaji kabisa.

Juma hili tulikwenda kwake Ipuli kumwomba msamaha. Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza siku hizi mlango wa kanisa unafunguliwa saa ngapi.