Klabu Iliyozaliwa kwenye Kamba

Kila Jumatano jioni ufunguo wa ukumbi wa mazoezi huwa kwangu. Mimi si kocha, na raketi nikiishika utadhani nimeshika mwiko wa ugali. Ila mwanangu anacheza mpira wa meza katika klabu ya mtaa wetu hapa Bremen, na wazazi tunapangiana zamu. Kazi yangu ni kufungua mlango, kusukuma meza nne kutoka stoo, na wakati wa kufunga kuokota chupa na soksi zilizosahauliwa. Ufunguo umefungwa kwenye kipande cha mbao kikubwa kama sahani ya sabuni, makusudi, usije ukapotelea mkobani. Ile mbao imeshikwa na mikono mingi mpaka imekuwa laini kama mpini wa jembe la bibi.

Klabu yenyewe ni ndogo, huwezi kuiona kwenye televisheni. Lakini ndani yake kuna timu ya mpira wa miguu, mabinti wa mpira wa mikono, wazee wanaonyoosha viungo Jumanne asubuhi, na meza mbili za sataranji zenye watu wasiosemeshwa. Kadi ni moja na mkutano wa mwaka ni mmoja. Mkutano wangu wa kwanza ulikaribia saa nzima kwenye hoja moja: fedha zilizobaki zinunue nyavu mpya za magoli au magodoro ya watoto wa sarakasi? Tukanyoosha mikono. Magodoro yakashinda, na kocha wa mpira wa miguu akamalizia bia yake kimya kimya.

Mimi ni wa Ujiji. Kwetu sijaona kura ambayo godoro lingeushinda mpira wa miguu.

Nilidhani hayo ni mambo ya klabu ndogo tu, mpaka nilipoanza kuisoma historia ya wakubwa wa mji huu, Werder Bremen. Ilianzishwa Februari 4, 1899, na vijana wa shule wa miaka kama kumi na sita hivi. Inasimuliwa kwamba walishinda shindano la kuvuta kamba, na zawadi yao ikawa mpira. Wakaenda kuucheza kwenye majani kando ya mto Weser. Hilo neno Werder lenyewe ni ardhi ya namna hiyo, iliyozungukwa na maji. Mwaka 1920 wakabadilisha jina, kutoka klabu ya mpira wa miguu kuwa klabu ya michezo, kwa sababu michezo mingine ilikwishaingia ndani. Leo wana riadha, mpira wa mikono, mpira wa meza na sataranji. Na hawachezi kwa kujifurahisha tu: mwaka 2005 walikuwa mabingwa wa Ujerumani wa sataranji, na mwaka 2013 wa mpira wa meza. Timu ya soka ilishuka daraja mwaka 2021, ikarudi mwaka uliofuata, na miezi yote hiyo wacheza sataranji walikuwa wanasogeza farasi wao kama kawaida.

Hapo kwenye kuvuta kamba nilicheka peke yangu, maana kamba ndiyo niliyokulia nayo. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli. Kigoma ni mwisho wa reli. Njia ya kutoka Dar es Salaam ilifika pale mwaka 1914, na mji mzima ukajipanga kuizunguka. Tulikuwa na timu ya Reli, tulikuwa na RTC ya kampuni ya biashara ya mkoa, na kila shirika la umma lilikuwa na jezi zake. Ulipokaribia msimu wa mashindano ya SHIMMUTA, ya mashirika ya umma, karani aliyekuwa akikukatia tiketi asubuhi ungemkuta jioni kwenye mazoezi ya wavu, mama wa masjala yuko netiboli, na wazee wenye vitambi wamejifunga mkanda wa kamba kiunoni, visigino vimezama mchangani. Baba alikuwa nanga, mtu wa mwisho kwenye kamba. Alirudi nyumbani viganja vimechubuka, mama anampaka mawese huku anamgombeza.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema klabu ya michezo mingi ni mambo ya Wazungu, nashangaa. Tulikuwa nayo. Tofauti ni kwamba yetu ilikaa ndani ya ajira. Mwajiri ndiye aliyenunua mipira, akatoa lori na ruhusa ya kutoka kazini mapema. Mashirika yalipoyumba na ubinafsishaji ukapita, hakukuwa na mwanachama wa kuitisha mkutano, kwa sababu hakukuwa na mwanachama. Kulikuwa na wafanyakazi, na wafanyakazi walipunguzwa.

Wakongwe wa Kariakoo tuwaweke kando kidogo, maana hadithi yao ni nyingine. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, ambayo hadi 1971 iliitwa Sunderland, zote mbili zina wanachama, na zote mbili zimeandika "Sports Club" kwenye jina. Zilitokana na watu kugombana na kugawana njia. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Bayern München: Februari 1900 wacheza mpira wa klabu moja ya mazoezi ya viungo waliona wanabanwa, wakatoka na kuanzisha yao. Ila Bayern baadaye ilijaza nyumba; kikapu kiliingia mwaka 1946, na sataranji na mpira wa meza vina vyumba vyao. Kwa watani wetu wa jadi nafurahi kuona Simba Queens na Yanga Princess, tena Queens walishika nafasi ya nne Afrika mwaka 2022. Lakini hiyo bado ni soka. Neno "michezo" kwenye jina ni kama kile chumba cha wageni ambacho hakuna mgeni aliyewahi kulala.

Wala nisiwapambe Wajerumani kupita kiasi. Mwaka 2003 Werder waliitenga soka ya kulipwa ikawa kampuni. Sheria ya ligi yao inataka klabu ya wanachama ibaki na kura nyingi ndani ya kampuni hiyo, jambo ambalo msomaji wa Dar es Salaam ataliona si geni: nasi tumebishana miaka kadhaa juu ya asilimia 51 za wanachama na 49 za wawekezaji. Na wengi wa wanachama wa Werder ni mashabiki kama wa kwetu, mpira wa meza hawajawahi hata kuutazama. Kinachonivutia ni kwamba nyumba ya zamani haikubomolewa. Iko palepale uani, ina taa, na mtoto wa miaka saba anaweza kugonga mlango.

Ajabu ni kwamba kwa mtu wa Kigoma mfano wa karibu hauko Ulaya. Uko ng'ambo ya ziwa na juu kidogo. TP Mazembe ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na wamisionari Wabenediktini mwaka 1939, ina timu ya kikapu yenye jina lake. APR ya Rwanda, ambayo ni ya jeshi, ina soka, kikapu na wavu. Waliotawaliwa na Wabelgiji walizoea kuona klabu kama mti mmoja wenye matawi. Sisi tuliopitia kwa Waingereza tukazoea kila mchezo na klabu yake na chama chake. Hayo ni maoni yangu, na mwenye historia nyingine aniletee.

Upande wetu, sasa hivi, jeshi ndilo lililoshika mpini. Mashujaa FC wa JWTZ walipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2023/24 baada ya kuiangusha Mbeya City kwenye mechi za mtoano, na Aprili 2024 wakaitoa Simba kwa penalti katika Kombe la Shirikisho, palepale Uwanja wa Lake Tanganyika. Usiku ule simu yangu ililia mpaka betri ikaisha. Mara ya mwisho uwanja ule kunitoa machozi ilikuwa Julai 25, 2021, fainali ya kombe hilohilo, Simba na Yanga zimeletwa mpaka mwisho wa reli, na bao la Taddeo Lwanga likamaliza kazi. Mashujaa nawapenda bila kificho. Hata hivyo ni hadithi ya baba tena, mwajiri amebadilika tu: ukitaka binti yako acheze wavu Ujiji, Mashujaa si mlango wa kugonga.

Mdogo wangu anavua dagaa Kibirizi. Wavuvi wa taa hawana kazi mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu dagaa hawazifuati taa mbalamwezi ikiwaka. Siku hizo za mwezi ndizo za ndondo: mitumbwi imelala, nyavu zinashonwa, na jioni watu wanagombea mbuzi kwenye mchanga. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, wakacheza mpaka wakachoka na mpira wenyewe. Ndipo wakatundika wavu wa zamani wa dagaa kati ya nguzo mbili na kuanza voliboli, na wasichana wanaoanika dagaa wakaingia.

Nilimsimulia mdogo wangu habari ya ufunguo, mbao na kura ya magodoro. Akanisikiliza, kisha akasema, "Dada, hayo mengine tutayaweza. Tatizo ni mpira unalala kwa nani."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Timu ya mtaa tuliyokuwa tukiishangilia ilikufa kwa sababu hiyo. Mwenyekiti alikosana na katibu, akafungia mipira miwili na seti ya jezi chumbani kwake, na msimu ukaisha watoto wanachungulia dirishani. Tulisingizia kamati ya ufundi ya wapinzani. Ukweli ni kwamba kitasa kilikuwa kimoja na ufunguo ulikuwa mmoja.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu akanitumia picha. Mpira wa miguu, wa wavu, na daftari la shule lenye majina thelathini na moja, kila jina na shilingi mia tano mbele yake, vyote viko chini ya meza ya mama anayeuza mawese pale ufukweni. Hachezi mchezo wowote. Wamemchagua kwa sababu ndiye anayefungua mapema kuliko wote, anafunga mwisho, na hana timu anayoishabikia. Nikamuuliza ada yangu niitumeje kutoka huku. Akajibu kwamba mama mwenyewe amekataa: wa mbali ataandikwa akija, apige hata sevu moja mbele ya watu.

Nimekata tiketi ya Desemba. Raketi naiacha Bremen.