Nilivyouita Mzima Msitu Uliokatwa

Ripoti ile niliiandika mimi. Nilisema mikoko ya ghuba moja huko Kwale imepona, na haikuwa imepona.

Tulifunga vinasa sauti kwenye mashina, juu ya alama ya maji ya bamvua, tukaviacha vinase usiku na mchana. Kisha kompyuta hupiga hesabu: sauti ni za namna ngapi, zinabadilika vipi. Hesabu ikipanda, huchukuliwa kuwa viumbe wameongezeka. Njia yenyewe inafaa, maana ndani ya mikoko mtu huzama topeni hadi magotini, na ndege huruka kabla hajawaona. Kosa lilikuwa langu.

Upande uliokatwa sana ulitoa hesabu kubwa kuliko upande uliosalimika. Badala ya kushtuka, nilifurahi. Nikaandika kwamba miche iliyopandwa imeshika na ndege wamerudi.

Nilikuja kusikiliza sauti za upande uliokatwa kwa masikio yangu ripoti ikiwa imeshapokelewa. Waliojaa mle walikuwa kunguru wa Bara Hindi, wale walioletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka na sasa wametapakaa pwani nzima. Walikuwamo shorewanda na njiwa, na nyenje waliopiga kelele mchana kutwa. Hao ni wa mashambani na vijijini. Waliingia kwa sababu msitu umetobolewa. Maji yakipwa, chini ya sauti hizo kulikuwa na milio midogo isiyokoma, kama mafuta yanayochemka kikaangoni: kamba wadogo wanaofyatua magando topeni. Kompyuta ilijumlisha vyote. Mdiria wa mikoko, yule mwenye mdomo mwekundu anayekula kaa na kutaga kwenye matundu ya miti, hakusikika kabisa.

Tena nilichanganya majira. Upande uliosalimika tuliunasa wakati wa kusi, ndege wahamao kama sululu na vitwitwi wengi wakiwa wamekwenda kuzaliana kaskazini ya mbali. Ule uliokatwa tuliunasa Novemba, wameshafika, tena siku za bamvua, maji yanapofunika matope na ndege kukimbilia juu ya miti. Nilipima majira na maji, nikasema nimepima afya ya msitu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba niliambiwa. Mzee mmoja mvuvi wa kaa aliniuliza, “Mwanangu, kunguru wote hawa wanafuata nini huku?” Nilimjibu kwa heshima, nikaendelea kubadilisha betri.

Kwa ripoti yangu posho za walinzi wa mikoko wa kijiji zilikatwa na fedha za miche zikapelekwa kwingine. Wakataji wakarudi, wakachukua boriti na nguzo, miti iliyonyooka ambayo ingezaa mbegu.

Nimerudi kijijini, nikawachezea wazee sauti zile barazani na kuwaeleza nilichokosea. Walinzi wengine hawakurejea kazini. Walikuwa wameshapata vibarua mjini. Siku hizi sifungi kinasa kabla ya kuandika ni ndege gani wa mikoko wanaopaswa kusikika pale, wa msimu gani, maji yakiwa wapi, na kabla ya kuhesabu visiki kwa miguu pamoja na wanakijiji.

Nimeomba kwa barua ripoti ifutwe. Nakala zake bado zinapita mikononi mwa watu na zinaambatishwa kwenye maombi ya fedha. Aliye nayo namsihi asiitumie.