Ogopeni "Mengineyo"

Niko Kirando. Kwa wale ambao ramani yao inaishia Morogoro: hapa ni mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa. Unaacha baridi ya Ufipa, unashuka, unashuka tena, mpaka joto la ziwani likupokee. Ng'ambo ni Kongo. Gazeti limenituma kufuata habari za dagaa, lakini leo nina jambo jingine: jinsi watu wa blokucheni wanavyoandika mapendekezo yao.

Subirini, msiondoke. Linahusu hata wasio na sarafu hizo, nikiwemo mimi.

Tarehe 4 hadi 6 Desemba 2024, wajumbe wa jamii ya Cardano walikutana Nairobi, na wenzao Buenos Aires siku hizo hizo, kumalizia katiba ya mtandao wao. Cardano ni blokucheni, yaani daftari moja la hesabu lililonakiliwa kwenye kompyuta nyingi duniani ili asiwepo mtu mmoja wa kulichakachua. Sarafu yake inaitwa ada, kwa heshima ya Ada Lovelace wa Uingereza, siyo ada ya shule. (Ingawa mtaona mbele kwamba Mswahili akichanganya hakosei sana.) Mwanzoni mwa 2025 wawakilishi wa wenye sarafu wakaipigia katiba kura, ikapita.

Ndani yake kuna sharti nililolipenda. Anayeleta pendekezo lazima aweke kichwa cha habari, maelezo mafupi, sababu na vielelezo. Halafu waraka wake unawekewa heshi, ambayo ni kama alama ya kidole: ukibadilisha hata nukta moja, alama inakataa. Kilichojadiliwa na kilichopigiwa kura lazima kiwe kitu kile kile. Wenzao wa Bitcoin nao wana utaratibu wao wa kuandika mapendekezo tangu 2011, kwa hiyo si wazo la jana.

Sasa njooni kijijini. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji una nguvu kubwa: kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Nimeketi kwenye mingi. Kufungua, kusoma muhtasari uliopita, mapato na matumizi, na mwisho kabisa "mengineyo".

Ogopeni mengineyo! Jua limepanda, kina mama wameshaondoka kupika, vijana wamelala kwa sababu usiku walikuwa ziwani. Hapo ndipo pendekezo la mchango linapochomoka, bila karatasi. "Wanaoafiki?" Mikono kumi juu. Limepita.

Katika kijiji kimoja (sikitaji, na siyo hapa) niliandika kwenye notibuku yangu kwamba wananchi wamekubali shilingi elfu tano kwa kila kaya. Mkutano uliofuata muhtasari ukasomwa: elfu kumi. Mama mmoja muuza dagaa akasimama. "Mwenyekiti, mimi nilinyoosha mkono kwa elfu tano. Mkono wangu naujua." Akajibiwa kwamba muhtasari ndivyo unavyosema. Wiki ile ile mgambo walipita kwake, wakaondoka na mabeseni mawili na jiko, kwa ajili ya elfu tano ya pili. Mabeseni yale ndiyo yalikuwa duka lake.

Huyo mama heshi ingemfaa kuliko wote waliokuwa Nairobi.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kuleta pendekezo kwenye Cardano unaweka dhamana ya ada 100,000. Ada moja ikiwa nusu dola, hizo ni dola 50,000. Unarudishiwa muda ukiisha au jambo likishatekelezwa, na lengo ni kuzuia watu kumwaga takataka. Unaweza pia kuchangishana na wenzako. Sawa. Ila kwa Kirando hiyo ni mitumbwi, injini, nyavu, na nyumba ya bati juu yake! Na kura nazo zinahesabiwa kwa wingi wa sarafu, siyo kwa vichwa. Yule mama na mabeseni yake ana kura moja kamili kijijini. Kule angekuwa na vumbi la kura.

Tena fomu nzuri haimalizi ubishi. Agosti 2025 walipitisha ada milioni 96 kutoka hazina yao kwa kazi za uhandisi wa mtandao. Karatasi zilikuwepo, sababu zilikuwepo, na bado wapo waliosema fedha ni nyingi mno. Afadhali hivyo. Angalau walikuwa wanabishania maandishi yale yale.

Jioni nilimsimulia haya mzee mmoja mwenye mtumbwi wa dagaa, pale mwaloni. Alisikiliza huku anashona wavu.

"Sasa mwanangu, huyo mwenye pendekezo akiulizwa swali anasimama wapi?"

Nikamwambia hasimami popote, mnaandikiana.

"Na mnapewa siku ngapi za kulitazama?"

"Siku 30, mzee."

Hapo aliweka sindano chini. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika. Mkutano ukiitwa asubuhi ya siku za giza, wenye mitumbwi wako usingizini na mambo yao yanaamuliwa. Siku 30 ni mwezi mzima, giza lote na mbalamwezi yote. Hakuna atakayesema hakuwepo. Waliopanga muda ule sidhani kama waliwaza dagaa, lakini mzee alilielewa sharti hilo haraka kuliko nilivyolielewa mimi na digrii yangu.

Dhamana nilipomtajia alicheka mpaka akakohoa.

Amesema kwenye mkutano ujao ataomba kila pendekezo la mchango liandikwe, likiwa na kiasi na sababu, libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji siku 30 kabla ya kura, na karatasi hiyo hiyo ndiyo igongwe muhuri mbele ya watu. Asubuhi alikwenda kumwomba mtendaji aliingize kwenye ajenda.

Ameambiwa litakuwa kwenye mengineyo.