Tulipofagia Tembe la Kwihara

Wengi wetu tuliozaliwa Tabora tuliijua nyumba ya Livingstone kwa namna moja tu: shule ilitupeleka. Tulitembea kilomita kama sita kutoka mjini, tukafika Kwihara tukiwa na kiu kuliko hamu ya kujua, tukaonyeshwa mlango wa nakshi, ramani ya safari, nakala za barua na picha ya mzungu mwenye masharubu, kisha tukarudi. Mwalimu alitaka insha, tukaandika insha.

Miaka mingi baadaye tulirudi, wala hatukurudi kwa sababu ya historia. Paa la kanisa letu lilikuwa limefumuliwa ili liezekwe upya, Pasaka ilikuwa inakaribia, na kwaya haikuwa na mahali pa kufanyia mazoezi. Mwenzetu mmoja anayelima huko Kwihara akasema kule kuna kivuli na hakuna makelele ya bodaboda. Mlinzi wa nyumba akatukubalia tukae nje, chini ya miembe. Siku hiyo, baada ya kuimba, tuliona aibu kuondoka na kuacha majani yametanda mpaka barazani. Tukaazima mafagio na fyekeo. Ndivyo kazi ilivyoanza. Hakuna kikao kilichoitishwa.

Paa la kanisa lilikwisha, Pasaka ikapita, nasi tukaendelea kwenda kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nyumba ni ya Serikali. Sisi hatuna cheo chochote pale, hatulipwi na hatujaomba kulipwa. Tunafagia ua, tunafyeka, na masika tunazibua mitaro ili maji yasile kuta za udongo. Kisha tunaimba. Majirani wakaanza kuja. Mabibi walileta karanga za kuchemsha, wazee wakaja na habari zao za zamani, na watoto wa pale walishika sauti ya tatu kabla ya watu wetu wa besi, jambo ambalo watu wa besi hawapendi likumbushwe. Wengi wa majirani hao ni Waislamu. Siku nyingine wao ndio walioanza, kwa kaswida, nasi tukasikiliza mpaka wakamaliza. Bila kupanga, ua ule ukawa mahali pa watu kukutana.

Mwaka wa pili tukapata tamaa. Tuliomba baraza la wazee wa kanisa litupe gari na kipaza sauti, tufanye siku nzima ya nyimbo kule Kwihara. Tulidhani ni jambo la dakika tano. Mzee wetu mmoja, mtu asiyesema sana, akasimama na kuuliza:

“Hiyo nyumba ni ya nani?”

Tukajibu haraka kwamba ni nyumba ya mmisionari.

“Mmisionari alikuwa mgeni, wanangu. Ninauliza mwenye nyumba. Mnataka tukamwimbie Mungu kwenye ua wa wauza watu?”

Hatukuwa na jibu. Wapo kati yetu waliosema nje ya kikao kwamba mzee ana ukorofi tu, lakini swali lile lilitufuata nyumbani. Ndipo tulipoanza kusoma yale ambayo shuleni tuliyaandika bila kuyasoma.

Kwihara ilikuwa sehemu ya makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu katika Unyanyembe. Burton na Speke walifika Tabora mwaka 1857, wakati huo wakiiita Kazeh, wakakuta mji wa biashara tayari. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa, kisha ikagawanyika: tawi moja kwenda Ujiji, jingine kwenda kaskazini hadi ziwa kubwa. Babu zetu Wanyamwezi waliijua njia hiyo kwa mabega yao. Walikuwa wapagazi wa ujira, na walijivunia kazi hiyo. Kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Lakini katika njia hiyohiyo, nyuma au mbele yao, walitembea watu ambao hawakupatana ujira na mtu yeyote. Tumezoea kuimba habari za babu zetu wapagazi. Za hao wengine hatukuwa na wimbo.

Livingstone alifika Kwihara pamoja na Stanley tarehe 18 Februari 1872, wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi, akaahidi kumletea watu. Mzee wa watu akabaki kusubiri, mwezi baada ya mwezi, mpaka Agosti, watu 57 walipofika. Siku tano baada ya mwenzake kuondoka alitimiza miaka 59, na katika kitabu chake cha kumbukumbu aliandika sala ya kujitoa upya kwa Bwana wake. Tarehe 1 Mei aliandika kwa ajili ya gazeti la Marekani kuhusu biashara ya watumwa, akimwombea baraka mtu wa taifa lolote atakayesaidia kukiponya kidonda hicho. Maneno hayo yamechongwa leo kwenye kaburi lake London. Yaliandikwa hapa kwetu, Unyanyembe.

Hapo ndipo tulipokwama, na tuseme kweli, hatujakwamuka vizuri. Mtu huyo aliyeandika hivyo alikuwa amelala chini ya paa la wafanyabiashara hao. Katika safari zake alikula chakula chao na kutembea na misafara yao, maana bila wao angekufa mapema. Na aliyempikia alikuwa mwanamke aitwaye Halima, mke wa Amoda, mmoja wa watumishi wake wa siku nyingi. Livingstone alimsifu Halima katika kumbukumbu zake, akaandika kwamba atamkomboa na kumnunulia nyumba yenye bustani Unguja. Maana yake Halima hakuwa huru. Alikuwa jikoni mwa mtu aliyeupinga utumwa kwa kalamu, huku akingojea ahadi. Tarehe 25 Agosti 1872 msafara uliondoka kuelekea kusini, na mwenye kuahidi hakurudi akiwa hai.

Alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Waliobaki walikuwa Waafrika watupu, mbali na pwani, na aliyewaajiri amekufa. Susi alikuwa mtu wa Zambezi. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa kijana. Jacob Wainwright, Myao pia, alikombolewa akasomeshwa na wamisionari huko India, naye ndiye aliyesoma ibada ya mazishi walipouzika moyo wa Livingstone chini ya mti. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome ya mti na turubai, wakauchukua. Hakuna aliyewaagiza.

Oktoba 1873 walifika hapa Kwihara. Walimkuta Cameron, afisa wa Uingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone, akiwa mgonjwa wa homa. Cameron akawashauri wamzike hapahapa. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya: njia ya mbele ilikuwa na hatari, na makabila mengi hayakuruhusu maiti kupitishwa katika nchi yao. Wakakataa. Fikirini jambo hilo, ndugu. Watumishi weusi, mwaka 1873, wanamwambia afisa wa Kizungu hapana, katika ua uleule tunaofagia. Njiani kijiji kimoja kilipowazuia, walitengeneza mzigo wa uongo ulioonekana kama maiti na kuurudisha Unyanyembe eti ukazikwe, wakati mwili wenyewe wameufunga upya kama mtumba wa kitambaa. Februari 1874 walifika Bagamoyo baada ya miezi tisa. Huko wakalipwa mishahara yao na kuambiwa kazi imekwisha. Jacob peke yake alisafirishwa na jeneza mpaka London, nalo likazikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yameshapita.

Tunaposoma katika Kutoka kwamba Musa alichukua mifupa ya Yusufu, huwa tunapita haraka, tunaiwahi Bahari ya Shamu. Tangu tulipoanza kufagia pale hatupiti haraka tena. Nani aliibeba mifupa ile miaka arobaini jangwani? Musa mwenyewe? Lazima walikuwepo watu wa zamu.

Tulirudi kwa mzee wetu na hayo yote tukiwa tumeyaandika kwenye daftari. Akasikiliza, akasema tu, “Jumamosi mtanipitia.”

Tulimpitia. Alivaa koti la ibada, jambo lililotushangaza kwa mtu anayekwenda mahali anapopapinga. Mlinzi akamkaribisha kiti barazani. Hakukaa. Akauliza, “Jiko lilikuwa wapi?” Mlinzi akaonyesha kwa mkono upande wa nyuma, mzee akaenda kusimama huko. Tulimwacha kwa muda, kisha tukamfuata, tukidhani jua limemzidi.

Ndipo aliposema kwamba mama yake bibi yake aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto, akaachwa Tabora kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba na hangeweza kufika pwani. Alipika katika nyumba ya watu mpaka akazeeka. “Nyumbani tuliambiwa walikuja na biashara,” mzee alisema. “Ni kweli, walikuja na biashara. Hawakutuambia kwamba wao ndio walikuwa bidhaa.”

Tumekaa na mzee huyu kanisani zaidi ya miaka ishirini. Wengine wetu tumewahi kutaniana mbele yake kwa neno hilo, mtumwa, kama watu wanavyotaniana, naye akacheka na sisi. Hakuna aliyejua. Siku ile mwenzetu mmoja aliyezoea utani huo alikaa chini kwenye mchanga, akafunika uso.

Tulimwomba mzee radhi, kila mmoja kwa wakati wake. Alituambia tusimfanye mgonjwa. Akasema hakutaka kutuzuia kuimba. Alitaka tujue tunaimba juu ya nini. Akauliza kama yule Halima alipata nyumba yake ya Unguja. Tukamwambia hatujakuta palipoandikwa. Akatikisa kichwa, akaomba fagio.

Alifagia upande ule wa nyuma peke yake, polepole, koti likiwa bado mwilini. Tulipotaka kumsaidia alituonyesha upande wa mbele, tukaenda mbele. Baadaye majirani walifika na karanga zao kama kawaida, bibi mmoja akamsalimu kwa Kinyamwezi, akaitikia, wakaanza kuulizana koo. Muda si mrefu wakawa wanacheka.

Katika kikao kilichofuata ombi letu lilisomwa tena. Siku hizi, kabla ya kuimba kule Kwihara, tunataja majina: Susi, Chuma, Jacob, Amoda, Halima, kisha tunanyamaza kidogo kwa ajili ya wale ambao majina yao hayakuandikwa, na mzee hutaja moja analolijua yeye. Lakini hilo lilikuja baadaye. Siku ile ya kikao yeye ndiye aliyesimama kututetea, gari tukapewa. Kipaza sauti alikikataa. Alisema ua wenyewe ni mdogo, na vijana wana mapafu.